Tulikwenda Unguja Wawili Tu

Hebu kila mmoja wetu ajiulize: ni lini mara ya mwisho wewe na mumeo mlisafiri pamoja pasipo msiba, pasipo harusi, wala mgonjwa wa kupeleka hospitali? Swali hili niliwahi kuliuliza katika kikao cha akina mama wa kanisa letu hapa Zuzu. Tulikuwa wanawake kumi na tisa. Mmoja tu ndiye aliyenyoosha mkono, na kabla hatujampigia makofi akaushusha, maana alikumbuka kwamba ile safari yake ya Morogoro ilikuwa ya matanga ya shemeji yake. Tulicheka mpaka mzee wa kanisa akachungulia dirishani.

Mimi pia nisingenyoosha mkono. Tumeoana miaka ishirini na miwili na Mungu ametujalia watoto wanne. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni seremala. Tumejenga nyumba, tumesomesha, tumezika wazazi wa upande wangu, tumelima zabibu zikakauka na mtama ukaliwa na ndege. Kila jambo tumelifanya pamoja. Hata hivyo mwezi wa tatu mwaka 2025 niligundua kwamba yapo mambo ambayo sikuwa na habari nayo ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Dawa zilizobaki kabatini

Jioni moja mwenzangu alilalamika kichwa kinamgonga kisogoni. Nikatoa mashine yangu nikampima. Ilisoma 170 kwa 110. Nikampumzisha, nikarudia, ikasoma karibu vile vile. Nikamwuliza, "Dawa unameza?" Akanyamaza. Nilipofungua kabati nilikuta vidonge vya miezi mitatu vimepangwa vizuri, hakuna hata kimoja kilichotolewa.

Akina mama, mimi ndiye ninayewafundisha watu kila juma kwamba dawa za shinikizo la damu haziachwi kwa sababu tu mtu anajisikia vizuri. Nawaambia wagonjwa kuwa ugonjwa huu hauna kelele, unaharibu figo na moyo na mishipa ya kichwani huku mtu akiendelea kupiga randa kama kawaida. Na mgonjwa niliyelala naye kitanda kimoja sikumwona. Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia, alinijibu maneno mawili tu: "Hukuuliza, Mama."

Nilikasirika sana. Lakini usiku nilipotafakari niliona kwamba alisema kweli. Mazungumzo yetu yalikuwa ni unga, ada, bati linalovuja, nani ameumwa, nani ametuma ujumbe wa kuomba mchango. Tulikuwa kama wafanyakazi wawili wa ofisi moja wanaopishana zamu. Asubuhi nilimpeleka kwa daktari, dawa zikaanza upya, na baada ya majuma machache vipimo vikashuka. Kilichobaki ni lile neno, hukuuliza.

Ndipo nikamwambia kwamba zile fedha zangu za mgawo wa kikundi, ambazo nilitaka kununulia kochi, sitanunua kochi. Tutakwenda Unguja, sisi wawili, siku nne, mwezi wa saba.

"Mnakwenda kwa nani?"

Jambo la kwanza ambalo mama mkwe wangu aliuliza ni hilo: "Mnakwenda kwa nani?" Nikamjibu kwamba hatuendi kwa mtu. Akauliza tena kwa sauti ya upole kama anayezungumza na mgonjwa wa homa, "Sasa kama hakuna mtu, mnakwenda kufanya nini?" Kwetu Ugogo safari ina mwenyeji wake. Unakwenda kumwona mtu, kumzika mtu, kudai ng'ombe. Kwenda kutazama majumba ni jambo la Wazungu na la watoto wa shule.

Wifi naye alikuwa na neno lake, kwamba fedha hiyo ingemsaidia mtoto wa kaka yake aliyekosa nafasi chuoni. Sitaficha, neno hilo lilinichoma, na karibu nirudi nyuma. Mume wangu ndiye aliyesema, naye husema mara chache, kwamba mtoto yule amesaidiwa mara tatu na atasaidiwa ya nne, lakini mwezi wa saba tunasafiri. Watoto tuliwaachia mama mkwe. Mkubwa alipewa funguo za ghala na orodha ndefu, ambayo baadaye nilisikia aliikunja akawashia moto.

Kwa nini mwezi wa saba? Wenyeji wa Dodoma mnajua. Mavuno yamekwisha, mtama umeingia ghalani, na kipupwe kimekaza. Upepo wa vumbi unavuma tangu asubuhi, midomo inapasuka, na usiku joto hushuka mpaka nyuzi 13 au 14, watoto wanagombania blanketi. Ndio wakati mkulima ana nafasi. Pwani nako ndio msimu mzuri, jua si kali, mvua za masika zimekwisha, na hewa ya usiku haikufanyi utokwe jasho kitandani. Tatizo lake ni moja, upepo wa kusi, nitaueleza.

Treni, kisha bahari

Tulipanda treni ya umeme Dodoma. Treni hii ilianza safari zake za Dodoma mwezi wa saba mwaka 2024, na nauli ya daraja la kawaida mpaka Dar es Salaam ilipangwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Ni kilomita kama 460, na inachukua chini ya saa nne. Mume wangu alikaa dirishani kama mtoto. Tulipoingia katika mahandaki ya milimani huko Kilosa alinishika mkono, kisha taa ziliporudi akauachia upesi, kama vijana wanaoogopa kuonwa na mwalimu.

Nilimkumbusha tuliyosoma shuleni, kwamba reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na kwamba kabla yake watu walikuja kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilichukua majuma kadhaa kufika Ugogo. Baada ya Mpwapwa ilikuwa lazima kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji mazuri, ndipo waingie kwa watemi wetu ambao hawakumpitisha mtu bure. Walidai hongo ya nguo na shanga, na visima vililindwa. Wazungu waliopita huko waliandika malalamiko mengi juu ya Wagogo na hongo yao. Mimi nikisoma hayo nacheka kidogo, maana mtu aliye na kisima katika nchi kame anajua thamani ya kisima. Mwenzangu siku hiyo hakucheka. Alisema tu, "Walipita na mengine pia," akageukia dirisha.

Dar es Salaam tulilala kwa mdogo wangu, asubuhi tukapanda boti ya kwenda Unguja. Ni safari ya kama saa mbili. Sasa huo upepo wa kusi. Miezi ya sita mpaka ya nane huvuma kwa nguvu kutoka kusini, na bahari huchafuka. Nilikuwa nimemeza kidonge cha kichefuchefu nusu saa kabla ya kuondoka, na mwenzangu nilimpa cha kwake. Yeye akakitia mfukoni, kwa sababu mwanamume wa Kigogo haogopi maji ambayo hajawahi kuyaona. Tulipopita katikati ya mkondo aliitisha mfuko, kisha mfuko wa pili. Mama mmoja wa Kipemba aliyeketi mbele yetu alimpa limau anuse, akamwambia, "Pole baba, tazama mbali, usitazame chini." Ushauri huo ni sahihi hata kitabibu. Nami nilijizuia kusema kile ambacho kila mke angetamani kusema.

Mji wa milango

Mji Mkongwe si mkubwa. Ukianza Malindi penye bandari unaweza kufika Shangani kwa miguu kabla mate hayajakauka, endapo hutapotea. Sisi tulipotea mara nne siku ya kwanza. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na majumba yanasogeleana juu hata jua huingia saa sita tu. Mwaka 2000 mji huu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wanaishi humo, si makumbusho. Utamkuta bibi amekaa barazani anachambua mchele, na paka wanane wakimsubiri.

Chumba tulichokuwa tumekilipia kwa simu kilikuwa tofauti na kile tulichoelezwa, dari lilikuwa na ukungu na kitanda kilikuwa cha mtu mmoja. Mwenye nyumba alisema wanandoa hawahitaji kitanda kikubwa. Tukahamia nyumba ya pili, ya mama mmoja mtu mzima, safi, na chai ya tangawizi kila asubuhi. Akina mama, msilipe fedha yote kabla hamjakiona chumba.

Seremala ukimpeleka Mji Mkongwe usitegemee kutembea haraka. Mume wangu alisimama mbele ya kila mlango. Alipitisha kidole katika nakshi, akanusa mbao, akanieleza huu ni wa msaji, huu ni wa mfenesi, hapa fundi alitumia patasi ya upana huu, hapa alikosea akaficha kosa kwa ua. Misumari mikubwa ya shaba iliyochomoza ilimfurahisha sana. Katika saa mbili alizungumza maneno mengi kuliko aliyozungumza nami tangu Krismasi, na wenye nyumba wawili walitoka wakamkaribisha kahawa.

Mlango mmoja ulikuwa na nakshi ya mnyororo imezunguka fremu yote, pete baada ya pete. Kijana aliyekuwa akitutembeza alituambia wengi husema mnyororo ni ulinzi, unafunga shari isiingie, lakini wapo wasemao ni alama ya nyumba iliyofanya biashara ya watumwa. Mwenzangu aliondoa kidole chake. Tukaendelea, na milango mitatu iliyofuata hakuitazama.

Nyumba ya Maajabu tuliitazama kwa nje tu. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, watu wawili wakafariki. Tulikuta uzio. Jirani yake ni Ngome Kongwe, na mbele ni bustani ya Forodhani, ambako jioni vijana hujirusha baharini kutoka ukutani na wauzaji huwasha taa zao. Hapo tulikunywa maji ya miwa yaliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, tukala urojo na mishikaki. Kwa mgonjwa wa presha nakushauri urojo bakuli moja, na bajia usizipitishe kiasi, kwa maana chumvi ni nyingi. Mume wangu alikula mabakuli mawili na kusema kwamba ni ndugu yake mlenda. Wazanzibari waliosikia hawakufurahi.

Kwa vile mimi ni mtu wa hospitali, nilitaka sana kuona jengo la zahanati ya zamani lililo kando ya barabara ya bandarini. Ni jengo zuri ajabu, lenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa kama vitambaa vya kufuma. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, likamalizika katika miaka ya 1890 baada ya yeye kufariki, na kwa miaka mingi chini palitolewa dawa kwa maskini. Tajiri huyo huyo ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mali za kuongozea misafara yake ya pembe za ndovu kule bara, misafara ambayo njia yake ilipita Ugogo na Tabora. Nilisimama hapo nikawaza ni mgonjwa gani alitibiwa kwa faida ya safari ipi. Sikupata jibu, nikapiga picha.

Mkunazini

Siku ya tatu, Jumapili, tulikwenda ibada katika Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini. Kwa sisi tuliokulia katika Uanglikana wa Dodoma, jina la Mkunazini tumelisikia tangu Shule ya Jumapili. Mahali hapa ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Mwezi wa sita mwaka 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko hilo, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa. Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere, ambaye pia alikuwa bingwa wa Kiswahili na alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya. Alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu.

Madhabahu yenyewe imewekwa pale panaposemekana ulisimama mti walikochapwa watumwa ili wanunuzi waone nani ana nguvu, nani hatalia. Pembeni upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Mwili wake waliubeba watumishi wake, akina Chuma na Susi, wakatembea nao miezi mingi mpaka Bagamoyo. Kuna jambo lingine la kuchekesha. Karibu na mlango, penye kisima cha ubatizo, nguzo kadhaa zimesimamishwa juu chini. Inasemekana mafundi waliziweka hivyo Askofu alipokuwa safarini, na aliporudi akaziacha. Seremala wangu aliinama akazichunguza, akasema fundi huyo alikuwa na haraka ya kulipwa.

Baada ya ibada tulitoka nje penye mnara wa ukumbusho. Aliutengeneza mchongaji mwanamke wa Kiswidi, Clara Sörnäs, katika miaka ya 1990. Ni shimo la mraba ardhini, na ndani yake wamesimama watu watano wa mawe, wanaume kwa wanawake, nusu miili yao imo ardhini, wamefungwa minyororo ya kweli shingoni. Nilitazama nyuso zao kwa muda, nikageuka nimwambie mwenzangu jambo, sikumkuta. Alikuwa ameketi kando chini ya mti, kofia mkononi.

Nilidhani ni presha. Nilimshika mkono nikahesabu mapigo, yalikuwa sawa. Nikamwambia twende tukaone vile vyumba vya chini, katika jengo la Mtakatifu Monica lililokuwa hospitali ya wamisheni, ambamo wageni huelezwa kwamba watumwa walifungiwa. Wataalamu wengine wanasema vyumba vile vilijengwa baadaye kwa kazi nyingine, lakini watu wanaingia na kutoka wakiwa kimya. Mume wangu alisema, "Nenda wewe. Mimi nitakungojea." Niliingia peke yangu. Dari liko chini sana, hata mimi mfupi nililazimika kuinama. Sikukaa.

Kwenye dari la nyumba

Usiku ule hatukwenda Forodhani. Yule mama mwenye nyumba alituruhusu kukaa juu ya dari lake, ambako huanika nguo, na upepo wa bahari ulikuwa unapita. Mwenzangu alinyamaza muda mrefu. Mimi nilikuwa nimejifunza kitu kutokana na zile dawa za kabatini, basi nikauliza. Sikuuliza "Una nini?", kwa maana mwanamume akiulizwa hivyo hujibu "Sina kitu." Nilimwuliza, "Pale chini ya mti ulikuwa unamwaza nani?"

Akasema, "Mama yake babu."

Ndipo akanieleza. Mwanamke yule hakuwa Mgogo. Alikuwa mtoto wa kama miaka kumi, aliyetokea mbali magharibi, katika msafara uliokuwa ukielekea pwani. Wapagazi wengi katika misafara ile walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa malipo, lakini wengine walikuwa watu walionunuliwa au kutekwa, na yeye alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kidonda kikubwa mguuni na hakuweza tena kutembea. Wakamwacha kisimani. Bibi mmoja aliyekwenda kuteka maji ndiye aliyemwokota, akambeba mgongoni hadi kwake. Alipokua, kijana wa nyumba ile akamwoa. Ng'ombe hawakutolewa, maana hapakuwa na wa kupokea.

Kwa msomaji asiye wa Ugogo, nitaeleza kidogo. Ng'ombe wa mahari kwetu ndio wanaosema mtoto ni wa nani. Kwa hiyo kila palipotokea ugomvi wa shamba au wa mifugo, ndugu wa upande wa pili waliwatupia neno hilo: mama yenu hakulipiwa, ninyi ni watu wa kuokotwa. Mume wangu alilisikia akiwa na miaka kumi na miwili, baba yake alipotukanwa mbele ya watu kwenye pombe. Aliporudi nyumbani alimwuliza baba maana yake nini. Baba akampiga kofi, akamwambia neno hilo lisitamkwe tena katika nyumba ile. Halikutamkwa. Alipokuja kunichumbia aliogopa kwamba wazee wetu wakilisikia watamkataa. Kisha tulioana, na kila mwaka ulivyopita ikawa vigumu zaidi kuanza. Biashara ya watu ilikatazwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kwa sheria Zanzibar mwaka 1897 na kwetu Tanganyika mwaka 1922, na mtu mzima wa mwaka 2025 alikuwa bado anaona aibu kumwambia mkewe.

Najua mngependa niandike kwamba nilimkumbatia na kulia naye. Swali lililonitoka ni la kiuuguzi. Nilisema, "Kidonda kilipona?"

Akanitazama, halafu akacheka, na katika kucheka machozi yakamtoka. Akasema, "Kilipona. Lakini alichechemea mpaka kufa. Babu alikuwa akituigizia alivyotembea." Akasimama juu ya dari lile, kati ya kamba za nguo, akanionyesha alivyotembea mwanamke yule.

Na hasira pia nilikuwa nayo, sitaki kuwadanganya. Nililala nimegeukia ukuta. Miaka ishirini na miwili! Watoto wangu wanne ni damu yake, nami sikustahili kujua? Alfajiri adhana ilipolia nilikuwa macho, naye alikuwa macho. Akasema, "Hata mimi ningekasirika." Nikamwambia alete dawa yake ameze, na maji nikamimina mimi.

Mbweni

Siku ya mwisho tulichukua daladala kwenda Mbweni, nje kidogo ya mji. Hapo wamisheni walinunua ardhi mwaka 1871 na kuwapa makazi watumwa walioachiwa huru, na wasichana walijengewa shule ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1877 alikuja kuifundisha mwanamke wa Kiingereza, Caroline Thackeray, hakuondoka tena visiwani, amezikwa hapo Mbweni. Magofu ya shule bado yamesimama, miti imeota ndani ya kuta.

Mume wangu alizunguka magofu yale polepole. Nilidhani anatazama ujenzi. Aliporudi aliniuliza, "Hawa wa hapa waliandikwa majina?" Nikamwambia nadhani wamisheni waliandika, kwa vile waliwabatiza. Akasema, "Yule wetu jina lake alipewa na yule bibi wa kisimani. La kwao alilisahau, au hakutaka kulisema." Tukakaa kwenye kivuli tukala machungwa. Nikamwambia kwamba kwetu upande wa mama kuna kesi ya babu aliyeuza ng'ombe wa ndugu yake na kukimbilia Kondoa, na hatujawahi kumwambia mtu. Alicheka sana kwa hili, akasema alilijua tangu mwaka wa uchumba.

Mliopenda kwenda

Kwa wale watakaotaka kujaribu, nitasema machache. Anzeni kuweka mapema, sisi tuliweka kwa miezi minne, na mgawo wa kikundi ukaongezea. Chukueni vitambulisho vyenu, bandarini vinahitajika. Dawa za kila siku ziwe katika mkoba wa mkononi, si katika begi linalowekwa mbali. Kanga mbili zinatosha kwa mama, moja ya kujifunga, moja ya mabegani, maana watu wa Unguja wanajisitiri na mgeni mwenye adabu hupokelewa vizuri. Salamu ni nyingi, zijibuni zote. Viatu viwe vya chini, na maji ya kunywa msisahau, ubaridi wa kipupwe unadanganya mtu asione kiu. Na simu, mkiweza, ongeeni na watoto mara moja tu kwa siku, jioni. Mimi siku ya kwanza nilipiga mara sita, mpaka binti yangu akaniambia, "Mama, si umekwenda kupumzika? Pumzika basi."

Tulirudi Zuzu Jumanne usiku, vumbi lile lile, baridi ile ile. Mama mkwe alikuwa ameketi jikoni karibu na moto. Tulimpa halua na karafuu, na kitambaa cha kichwa. Halua aliionja kwa ncha ya kidole, akasema ni tamu lakini inanata kama gundi ya mwanawe. Kisha mume wangu akaketi kwenye kigoda mbele yake na kumwambia kwamba amenieleza habari za mama yake babu.

Mama mkwe aliendelea kutafuna kwa muda. Halafu akanigeukia mimi, si yeye, akasema, "Mimi niliambiwa siku ya harusi yangu. Mama mkwe wangu ndiye aliyeniambia, akasema mke lazima ajue kaburi lipi la kupalilia. Nilidhani huyu alikwisha kukuambia zamani."

Jumamosi iliyofuata tulichukua majembe matatu na watoto wanne. Kaburi liko upande wa pili wa korongo, chini ya mkole, na nyasi zilikuwa zimefika kiunoni.